Digrii Nane Kutoka Ayuki

Dushanbe, 2 Juni 1999

Kwa Savriniso, Kituo cha Hali ya Hewa cha Obisangin

Binti yangu,

Naomba radhi. Kifurushi chako kilinifikia mwezi wa Oktoba mwaka jana, na leo ndiyo kwanza nashika kalamu kukujibu. Miezi minane ni kimya kirefu, na mtu aliyewahi kukukaripia kwa kuchelewesha ripoti siku nne hana pa kuficha uso. Nilipatwa na mafua yaliyoshuka kifuani. Majira ya baridi umeme ulikuwa ukija saa mbili tu kwa siku. Karatasi za kuandikia hazikupatikana. Sababu zote hizo ni za kweli.

Davlatmamad, dereva wa lori la unga, alinikabidhi gunia lako mlangoni, akaapa kwamba hakulifungua. Nilizikung'uta ramani zako moja moja uani, na unga ukatanda. Jirani yangu Risolat, aliyekuwa fundi mkuu wa kukata vitambaa katika kiwanda cha nguo, alichungulia juu ya ukuta.

"Ustadhi, umeanza kufuga kuku?"

"Sifugi."

"Basi unawapikia nani mikate yote hiyo?"

Nikamwonyesha. Akauliza mistari ile ni ya nini. Nikamweleza kwamba vimondo vya manyunyu mamoja husafiri sambamba, lakini sisi tulio chini huviona kama vinatawanyika kutoka mahali pamoja angani, jinsi reli mbili zinavyoonekana kukutana mbali. Mahali hapo ndipo tunapoita chimbuko. Mtazamaji huchora njia ya kila kimondo alichokiona, baadaye mistari hurudishwa nyuma kwa rula, na inapokutana ndipo penye chimbuko. Akasema, "Kumbe ni kutafuta kiuno cha gauni kwa kuangalia marinda." Sikumsahihisha.

Nimezihesabu. Karatasi mia mbili na kumi na nne, za Septemba saba, tangu 1992 hadi 1998. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vyote vimo humo. Kwenye karatasi ya tarehe 27 Septemba 1993 umeandika pembeni: "Risasi bondeni tangu saa nne hadi saa tano. Vimondo vitatu. Cha pili nimekipa alama ya mashaka, kwa sababu nilikuwa nimeinamisha kichwa." Nimefundisha watazamaji arobaini na wawili. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniandikia kwamba aliinamisha kichwa. Wote hao, kwa mujibu wa karatasi zao, walikuwa wakitazama juu wakati wote.

Sasa kasoro. Karatasi ya themanini na nane haina mwaka. Wino wa mwaka 1996 umechanganywa na kitu, nadhani masizi. Usirudie.

Orodha mpya ya manyunyu ya vimondo inakusanywa, ya kwanza baada ya miaka ishirini na mitano, na mimi ndiye mkusanyaji. Inafungwa mwishoni mwa Desemba, kisha itapelekwa mbele ya kamati. Kitakachochapwa humo kitatumiwa na watu wasiotujua, sisi tukiwa tumekwisha kuzikwa. Kwa hiyo nina swali moja, nalo ulijibu kwa neno moja: je, katika miaka hiyo saba ulikuwa na nakala ya Orodha ya zamani, ile ya 1974?

Wako,
Burhonali Saidmurod


Obisangin, 20 Juni 1999

Ustadhi wangu,

Hapana.

Hilo ndilo neno moja. Mengine sasa ni ya kwangu, uniwie radhi.

Mama mkwe wangu, Bibi Nekqadam, alikuwa amekwisha kukusomea dua ya marehemu mara mbili. Davlatmamad aliposhuka na barua yako, Bibi aliishika, akaigeuza, akasema, "Mkono wa marehemu haujatetemeka hata kidogo." Halafu akalia. Halafu akanigombeza kwa kumfanya alie mbele ya dereva.

Orodha ilikuwa kwenye sanduku la vitabu mlilotutumia masika ya 1992. Barabara ilifungwa, na sanduku halikufika. Zilizofika kabla yake ni ramani tupu, zile mia tatu, ambazo juu yake njia ya kimondo hubaki mstari mnyoofu. Nilizificha chini ya magodoro. Baridi ya mwaka wa tatu tulikula unga wa matunda makavu ya forsadi na tulichoma kila kitu kinachowaka. Nikamwambia Bibi, kama ni lazima, chukua na ramani. Akaenda ofisini, akarudi na maboksi mawili ya hotuba za viongozi. Akasema hotuba zinawaka vizuri zaidi, zimekauka tangu zilipoandikwa.

Unaniuliza kwa nini niliendelea? Hukuniuliza, lakini nakujibu. Redio ya kituo ilikufa, na vipimo vya mvua na upepo nilivisoma kila baada ya saa tatu kwa ajili ya kitabu ambacho hakuna aliyekuwa akikisoma. Mume wangu alikwenda Urusi kujenga, na mpaka leo anajenga. Septemba ilipofika nililala chali juu ya paa, nikanyoosha uzi wa sufu kati ya mikono miwili kama ulivyotufundisha mwaka 1991. Kimondo kikipita naupanga uzi juu ya njia yake, nasoma nyota unazozigusa, nachora. Nilichokiona tu, bila kuongeza hata unywele. Ulituambia, "Anayechora asirefushe. Atakayerefusha ni mwingine." Basi sijawahi kurefusha hata mstari mmoja. Miaka saba, Ustadhi, sijui vimondo vyangu vinatoka wapi.

Umevirefusha? Vinakutana?

Wino ni masizi na ute wa yai. Sitarudia, maana sasa tuna wino.

Mwanafunzi wako,
Savriniso


Dushanbe, 11 Julai 1999

Binti yangu,

Nimerefusha. Nimetenga vimondo tisini na sita ambavyo kasi na mwelekeo wake vinaonyesha ni vya manyunyu mamoja madogo, ya siku sita za mwisho wa Septemba. Mistari themanini na mmoja kati ya hiyo inapita ndani ya duara la digrii mbili. Sijapata kuona mistari iliyokutana hivyo kutoka kwa mtazamaji mmoja asiye na chombo chochote isipokuwa uzi.

Hata hivyo lipo tatizo, na sina desturi ya kuzungusha maneno.

Manyunyu hayo yanajulikana. Yamo katika Orodha kwa namba 37. Niliyapata mimi mwaka 1961, na chimbuko lake liko kando kabisa ya nyota Ayuki. Tangu hapo yamethibitishwa mara kumi na moja na watazamaji kumi na mmoja mbalimbali, na wote wameliona chimbuko kando ya Ayuki. Yako yanakutana digrii nane kaskazini ya hapo, ndani ya kundi la Twiga, mahali ambapo hapana nyota ya maana. Digrii nane haziwezi kuitwa mtetemeko wa mkono. Ni karibu upana wa ngumi, mkono ukinyooshwa kuelekea angani.

Nakuomba uchunguze yafuatayo. Je, ramani zilikaa mahali penye unyevu zikavutika? Je, ulilala ukielekea upande uleule kila usiku? Je, uchovu na njaa havikuathiri macho yako? Sikuulizi kwa dharau. Njaa si aibu yako.

Ikiwa hakuna jibu, itanibidi kuzitia karatasi zako katika kiambatisho, chini ya kichwa "Zenye mashaka". Zitahifadhiwa, lakini hazitahesabiwa. Mmoja dhidi ya kumi na wawili, mimi nikiwemo, hawezi kusimama mbele ya kamati. Natumaini utaelewa kwamba heshima yangu kwa kazi yako haijapungua.

Burhonali Saidmurod


Obisangin, 8 Agosti 1999

Ustadhi,

Nilichelewa kujibu kwa sababu barua ya kwanza niliyoiandika Bibi Nekqadam alinitazama uso nikiikunja, akasema, "Hiyo usiipeleke. Ipeleke kesho." Kesho yake niliichana.

Nimechunguza. Ramani nilizozificha chini ya magodoro nimezilinganisha kwa kipimo na moja iliyobaki kwenye bahasha yake: hazijavutika. Nililala kuelekea mashariki usiku mmoja na kaskazini usiku uliofuata, na imeandikwa juu ya kila karatasi, pembe ya kulia. Njaa ilikuwepo mwaka 1993 hadi 1995. Mwaka 1997 na 1998 tulikula vizuri, nikanenepa mpaka wifi yangu Oyjamol akaniuliza kama mume wangu amerudi kwa siri. Rula yako ndiyo itakayokuambia kama mistari ya shibe inakwenda kwingine. Mimi siijui rula yako inasema nini.

Lakini Ustadhi, umeniambia.

Miaka saba sikujua. Sasa najua kwamba chimbuko linatakiwa kuwa kando ya Ayuki. Juzi usiku nilipanda juu ya paa, nijaribu tu, kabla ya msimu. Kikapita kimondo cha kawaida, kisicho cha manyunyu yoyote, kikishuka kutoka upande wa Twiga. Nikanyoosha uzi. Nilikuwa na hakika nimekiona wapi. Na bado mkono wangu wa kushoto ulikuwa ukisogea, polepole, kuuelekeza uzi kwenye Ayuki. Ayuki inang'aa, Twiga ni giza tupu, na Ustadhi amesema. Nilikaa nikautazama mkono wangu kama mkono wa mtu mwingine.

Ningeweza kukutumia karatasi nzuri sana Septemba hii. Zingekutana pale unapotaka, na mimi ningeapa kwa haki kwamba sikudanganya.

Kwa hiyo macho yangu mwaka huu hayafai. Sitatazama.

Naomba ruhusa ya jambo jingine. Hapa wako wanawake wawili wanaofuma soksi. Hawajui jina la nyota hata moja kwa namna yetu, hawajui Twiga ni nini, na hawajui Orodha. Lakini kielelezo cha soksi wanakisoma kwa kuhesabu vitundu: kutoka hapa mbili juu, tatu kulia. Nadhani ramani wataisoma vivyo hivyo. Nitawafundisha uzi na kalamu. Sitawaambia kitu kingine.

Na ninalo swali moja. Wale watazamaji kumi na mmoja waliothibitisha, walikuwa na Orodha? Nauliza tu.

Savriniso


Dushanbe, 25 Agosti 1999

Binti yangu,

Wote walikuwa nayo. Nilipitia ripoti zao jana na leo. Wote kumi na mmoja walikuwa wanafunzi wangu. Wanne kati yao wameandika katika ukurasa wa kwanza kwamba kazi yao imekusudiwa "kuthibitisha chimbuko la Ustadhi". Maneno hayo niliyasoma wakati ule na nikayaona ni adabu njema.

Ruhusa umepata. Wafundishe. Usiwatajie Ayuki, wala Twiga, wala namba 37, wala jina langu. Usiwaambie kama wamekosea au wamepatia. Asirefushe mtu. Funga karatasi kwa uzi na nta, nami nitajua kama zimefunguliwa.

Nakutumia ramani mpya sitini, penseli kumi na mbili, na kipande cha kitambaa chekundu cha kufunika taa. Kitambaa ametoa Risolat. Anauliza kama huko mnapata sindano.

Nisamehe kwa kukuambia liliko chimbuko. Mtu aliyeitunga kanuni ndiye aliyeivunja.

B. S.


Obisangin, 6 Oktoba 1999

Ustadhi,

Zimo humu ndani, zimefungwa. Mistari arobaini na mmoja ya vimondo vya kasi, iliyochorwa kwa penseli ya bluu, nadhani itakufaa, na mingine mingi. Sijaitazama; nilihesabu kwa sikio, walipokuwa wakinitajia kasi.

Sindano tunapata, lakini Bibi amesema tusikatae.

Walisoma ramani jioni nne. Jioni ya kwanza Oyjamol aliigeuza juu chini, akasema, "Soksi ya nani hii, ina matundu kila mahali?" Jioni ya nne akaniambia kundi lipi la nyota lingemfaa mume wake kwenye kisigino. Sabohat, mpishi wa kituo, ndiye mwepesi kuliko wote. Bibi Nekqadam hakualikwa. Alipanda juu ya paa mwenyewe na godoro lake, akasema ana miaka sitini na saba na bado anaona mbuzi ng'ambo ya mto na kujua ni wa nani. Kwa mbali ni kweli. Kwa karibu alivaa miwani ya marehemu baba mkwe.

Mimi nilishika saa na taa. Na kwa kuwa niliogopa pumzi yangu, maana mtu anayejua hushtuka mahali anapopajua, nilikaa nikiwa nimeelekea ukuta wa bomba la moshi, mgongo kwao, usiku wote sita. Bibi alinicheka kila usiku.

"Tazama mke wa mwanangu. Kama mtoto aliyefukuzwa darasani."

"Bibi, tazama juu."

"Natazama. Aa! Hicho!"

"Panga uzi."

"Nimepanga. Kimetoka—"

"Usiseme kimetoka wapi! Sema umekiona kuanzia wapi mpaka wapi."

"Hata polisi hawaulizi hivi. Mwizi umemwona akitoka nyumba ya fulani, unaambiwa usiseme nyumba, sema tu njia."

"Ndivyo, Bibi. Njia tu."

"Basi andika: kimeanza mishono miwili chini ya ile iliyopinda, kimezimika kabla ya zile tatu. Na kilikuwa kizuri, hilo nalo liandikwe."

Sabohat ameliandika. Utalikuta, karatasi ya kumi na tisa.

Usiku wa nne Sabohat aliona vitano katika saa moja, akaanza kupiga kelele kama yuko harusini. Oyjamol akamwambia akinyamaza atampa zamu yake ya kukamua ng'ombe. Nilisikia kalamu zao zikikwaruza nyuma yangu. Ustadhi, sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kugeuka. Vimondo hivyo ni vyangu kwa miaka saba, na vilikuwa vinapita juu ya kisogo changu, na nilikuwa nikitazama matofali yenye masizi. Tofali la tatu kutoka juu lina ufa wenye umbo la mto wetu. Sasa nalijua vizuri sana.

Sikugeuka.

Jambo moja nataka ulijue kabla hujarefusha. Ikiwa mistari itakutana kando ya Ayuki, nitie kwenye kiambatisho, chini ya kichwa kile, nami nitaendelea kukuandikia kama kawaida. Nimekwisha kulifikiria. Si kwamba haitaniuma.

Savriniso


Dushanbe, 14 Desemba 1999

Savriniso, binti yangu,

Nta ilikuwa nzima.

Nililiweka gunia lako mezani nikakaa mbele yake asubuhi nzima na rula mkononi, ndipo nikaelewa kwamba nami sifai. Ikiwa mkono wako ulisogea baada ya kujua kwa wiki tatu, wangu umejua kwa miaka thelathini na minane. Nikaenda kumwita Risolat. Yeye amekata vitambaa miaka thelathini na rula yake haina shaka. Nilimwambia, "Kila mstari wa bluu uurudishe nyuma mpaka ukingo wa karatasi, usifikiri chochote." Akasema, "Kutofikiri nimezoea, nimewahi kuolewa." Nikamwachia chumba. Nilikaa jikoni nikiwa nimeelekea jiko, mgongo mlangoni. Nilitaka kujua ilikuwaje. Ni vigumu, Savriniso. Nami nilikaa alasiri moja tu.

Saa kumi na moja akaja na karatasi kubwa ya muhtasari. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeharibu nguo ya mteja.

"Ustadhi, nisamehe. Mistari imejikusanya mahali patupu. Hapa penye nyota nzuri hapana hata mmoja unaopita karibu. Imekusanyika hapa, kwenye utupu. Nimekosea wapi?"

Nikamwambia hakukosea.

Thelathini na mitano kati ya arobaini na mmoja inakutana katika Twiga. Kati ya mkutano huo na wako wa miaka saba kuna digrii moja na robo. Mistari ya Bibi Nekqadam, mwambie, ndiyo iliyokutana kwa karibu kuliko yote. Nimeripoti pia kwamba kile cha karatasi ya kumi na tisa kilikuwa kizuri.

Sasa nina deni la kueleza, na nitalieleza kwa mpangilio.

Nilikuandikia mwezi Juni kwamba nilikuwa na mafua, na umeme haukuwepo, na karatasi zilikosekana. Sababu zote hizo zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa sababu. Kifurushi chako kilifika tarehe tisa Oktoba. Tarehe kumi na mbili nilikuwa nimekwisha kurefusha mistari yako. Niliona ilikokutana, nikazifunika karatasi kwa shuka, na kwa miezi minane nilikula chakula changu kwenye meza hiyohiyo, pembeni ya shuka. Nilipokuuliza kama ulikuwa na Orodha, nilitumaini ungejibu ndiyo, ili nipate kusema uliisoma vibaya. Ulijibu hapana. Hapo ningepaswa kusimama. Badala yake nikakuambia mahali pa chimbuko langu. Nimejiuliza mara nyingi kama nilifanya hivyo kwa kusahau. Mtu aliyefundisha kanuni hiyo watu arobaini na wawili hasahau.

Lipo na jingine, la zamani zaidi. Mwaka 1961 tulikuwa watano juu ya kilima, na mistari yetu ilikuwa kumi na tisa. Kabla ya usiku wa kwanza, mimi kiongozi, nikiwa na miaka ishirini na tisa na sauti kubwa, nilisema mbele ya wote: "Nadhani yatatoka karibu na Ayuki." Hicho ndicho kisa kizima cha namba 37. Mistari kumi na minne ilikwenda Ayuki. Mitano haikwenda. Yote mitano ilichorwa na msichana mmoja, Sharofat, aliyechelewa kufika na hakunisikia nikisema. Alikuwa akitafuna aprikoti kavu wakati wa kazi na alikuwa akicheka. Nikaitupa mistari yake kwa kuandika, "Mtazamaji hana makini." Juzi nimeitafuta katika kabati la hifadhi. Ipo. Nimempa Risolat airefushe bila kumwambia ni nini. Inapita katika Twiga, yote mitano.

Nimemwandikia Sharofat. Anaishi Konibodom, amestaafu ualimu. Sikujua niombe radhi kwa maneno gani baada ya miaka thelathini na minane, nikaandika tu kilichotokea, kwa tarehe. Bado hajajibu. Ni haki yake.

Katika maisha yangu nimeona kamera zetu za vimondo, na rada yetu ikifanya kazi usiku na mchana, na vyote viwili nimeviona vikinyamaza. Nilidhani mambo makubwa ya kazi hii nimekwisha kuyaona. Kumbe lilikuwa bado hili: mtu aliyetazama miaka saba, ambaye usiku ule anaotazamia kupata haki yake anageuka na kutazama tofali, ili haki hiyo, ikija, iwe ya kweli. Sikukufundisha hilo. Ningependa kusema nilikufundisha, na zamani ningesema.

Nimeandika kwa kamati kurasa nne. Nimeomba chimbuko la namba 37 lililo kando ya Ayuki lifutwe, na ripoti kumi na moja zilizolithibitisha ziwekwe katika kiambatisho, chini ya kichwa "Zenye mashaka", pamoja na jina langu. Nimeomba mahali pake pachapwe chimbuko la Twiga, kutoka Obisangin, kwa majina haya: Savriniso, Sabohat, Oyjamol, Nekqadam, na kwa mwaka 1961, Sharofat. Risolat ametajwa kama mrefushaji. Amekataa kuamini mpaka nilipomsomea.

Usifurahi bado. Kamati itakaa tarehe 20 Januari. Wajumbe watano kati ya tisa ni wanafunzi wangu, na wawili wamekwisha kunitembelea. Walikuja na zabibu kavu na wakazungumza nami kwa sauti ya chini, kama watu wanaomzungumzia mgonjwa. Mmoja akasema, "Ustadhi, hatuwezi kukufanyia hivyo." Nikamwambia kwamba hajaelewa: hanifanyii mimi, anaifanyia Twiga. Akainamisha kichwa kwa heshima. Heshima hiyo ndiyo ninayoihofia. Ilikwisha kuchora mistari ya watu kumi na mmoja.

Katika nakala yangu binafsi ya Orodha sikusubiri kamati. Nimepiga mstari juu ya namba 37 kwa wino, kwa rula, na pembeni nimeandika jina la kituo chako. Mkono haukutetemeka, mwambie Bibi.

Nitaingia mkutanoni na gunia lako lenyewe, na unga wake. Uamuzi wowote watakaoutoa, nitakuandikia jioni ya siku hiyohiyo na kumkabidhi Davlatmamad mkononi. Safari hii sitapatwa na mafua.

Wako,
Burhonali Saidmurod